Hadi Kwenye Mstari Mwekundu

3 Machi

Daftari hili lilikuwa la mapishi ya krimu. Kila ukurasa una safu tano: maji, mafuta, nta, kihifadhi, sahihi yangu. Leo mwenye kiwanda kaniletea daftari jipya lenye safu nne, kwa sababu kuanzia sasa krimu yetu ya watoto wachanga haitatiwa kihifadhi, ile dawa ya kuizuia isiote ukungu. Kalikabidhi kwa mikono miwili huku anatabasamu, utadhani ananivisha nishani. Hili la zamani alitaka lichanwe. Nimelitia mkobani. Lina kurasa tupu zaidi ya mia, na karatasi nzuri haichanwi eti kwa sababu mtoto wa mtu kahudhuria semina.

Atakayelisoma nikishakufa ajue kwamba kiwanda chenyewe ni nyumba ya vyumba vinne. Sebule ni ofisi. Chumba kinachofuata ni changu: jiko, masufuria mawili, mizani na pipa la lita hamsini. Cha tatu ni cha kufungashia, na kati yake na changu kuna kidirisha kisicho na kioo. Cha nne ni stoo. Mwenye kiwanda ni binti wa marehemu aliyeniajiri. Marehemu alikuwa na mdomo mchafu, lakini alijua kwamba maji na mafuta yakikaa pamoja kwenye kikopo wiki tatu yataota kitu. Binti yake anajua neno moja tu, asilia. Nta asilia, harufu asilia, maji asilia. Humu ndani nitamwita Asilia na atanisamehe.

Mimi wananiita Dokta. Udaktari sina. Nilichanganya marhamu kwenye famasi ya hospitali miaka kumi na tisa, na hiyo kwa watu wa nyumba hii inatosha.

4 Machi

Kikao. Asilia alitusomea kwenye simu yake maneno ya akina mama wanaosema vihifadhi ni sumu kwa watoto. Kulikuwa na picha ya mtoto mwenye vidonda. Nikauliza ni mtoto wa nani. Akasema ni wa mtandaoni. Nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza wote humu, kwamba ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, kwa hiyo kihifadhi kikizidi kinaunguza, na kikikosekana vijidudu vinafanya maskani. Kazi yetu ni kipimo. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akatuonyesha lebo mpya iliyokwisha chapishwa: BILA KEMIKALI. Nikamuuliza maji ni nini. Akasema, "Mama, tusibishane." Ananiita mama anapotaka ninyamaze.

Halafu akaamuru kihifadhi chote kilichoko stoo kikatupwe leo leo. Yalikuwa madumu matano. Mimi nikatoa manne. La tano liko chini ya karo langu, nyuma ya gunia la magadi. Kwa nini nimelificha sijui. Nadhani ni tabia tu, sitaki kuwaachia wajinga neno la mwisho.

Aliyetumwa kutupa ni Mama Vifuniko, mfungashaji. Huyu ana miaka sita hapa, anajaza vikopo, anakaza vifuniko, ananiwashia jiko na kunioshea vyombo. Sijawahi kumsikia akitoa rai. Ukimwambia maji yanapanda mlima, atainua sketi isilowe. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chake hakina hata kikohozi. Alirudi kabla chai yangu haijapoa, na jalala ni mwendo wa robo saa kwenda tu. Bila shaka kayatupa mtaroni hapo nyuma. Hata uvivu anaufanya kimya kimya.

9 Machi

Mvua imeanza. Pipa la kwanza lisilo na kihifadhi. Nimesaini safu nne.

13 Machi

Mvua. Chumvi mezani imegeuka maji.

16 Machi

Pipa la pili. Nilikwenda kumwona mjukuu. Ana miezi mitatu na mashavu ya mtu aliyestaafu vizuri. Nikimbeba huniangalia kwa dharau, na hapo ndipo ninapojua ni damu yangu. Namwita mume wangu, naye hunijibu kwa kunitemea maziwa begani.

Binti yangu ni mwalimu, yuko likizo ya uzazi, na likizo imempa muda wa kusoma upuuzi wote ulioko kwenye simu. Ana kikundi cha akina mama mia mbili wanaoogopa kila kitu isipokuwa uchafu wa ile simu yenyewe wanayompa mtoto alambe. Aliniuliza kama ni kweli sasa krimu yetu haina kitu ndani. Nikamwambia ni kweli, na kwa hiyo asimpake. Akacheka akasema mimi na yule bosi wangu tunapigana vita vyetu.

23 Machi

Pipa la tatu. Mvua. Kuta za ofisi zimeota ukungu wa kijani nyuma ya kabati. Asilia kapaka rangi juu yake. Hivyo ndivyo anavyotibu.

27 Machi

Kimetokea nilichosema.

Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja kijana, amelowa, mtoto mgongoni, kikopo mkononi. Alipitiliza ofisi akaingia chumba cha kufungashia, akakiweka kikopo mezani pa Mama Vifuniko. Mimi nilikuwa naona kupitia kidirisha. Alipofungua, juu ya krimu kulikuwa na duara za kijivu zenye manyoya. Akamfunua mtoto. Mapajani na kwenye makalio alikuwa na majipu, nilihesabu saba, mengine yamepasuka. Alikuwa amempaka wiki mbili nzima kwa mwanga wa kibatari, hakuona. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Mama Vifuniko alisimama tu, kifuniko mkononi, kama mtu aliyesahau kazi yake.

Asilia alikuja na sauti yake ya semina. Alimweleza yule mama kwamba kosa ni kuchovya kidole kibichi kwenye kikopo. Na ni kweli, alichovya kidole kibichi. Kila mama huchovya kidole kibichi; katoka kumwogesha mtoto, angechovya kipi kingine? Akampa vikopo viwili vipya bure, vya pipa lile lile. Yule mama akavipokea akashukuru.

Nilirudi kwenye masufuria yangu. Nawachukia watu wanaojua kidogo. Asiyejua kabisa huuliza.

28 Machi

Pipa la nne. Nimetia.

Ninalo jagi la plastiki nililolichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha mwaka wa kwanza nilipokuja hapa. Mstari ule ni nusu lita, na nusu lita kwa lita hamsini ndicho kipimo cha juu kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa dumu. Huwezi kupanda zaidi. Nilifunga mlango, nikamimina hadi kwenye mstari, nikainama nikaangalia kwa jicho moja, nikatia, nikakoroga dakika ishirini. Jagi nikaliosha mwenyewe nikalificha pamoja na dumu. Daftari la safu nne nimesaini kama mtumwa mwema. Hapa ndipo ninapoandika ukweli: kihifadhi, nusu lita.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Katika nyumba hii nzima mwenye akili ni mimi na mizani, na mizani nayo siku hizi inasitasita.

29 Machi

Mama Vifuniko kaniuliza jagi la mstari mwekundu liko wapi. Nikamwambia limepasuka. Kasimama kidogo, kaangalia karo, kaenda zake. Mtoto kaoza mapaja na huyu mwenzangu anaomboleza jagi.

5 Aprili

Pipa la tano. Nusu lita. Mvua.

8 Aprili

Hakuna kikopo kilichorudi na ukungu. Asilia anapita vyumbani akisema, "Mnaona? Cha asili hakiozi." Nilicheka mpaka nikajifanya napaliwa.

11 Aprili

Leo nimempelekea binti yangu vikopo vitatu vya pipa la nne. Aliniuliza, imekuwaje, si ulinikataza? Nikamwambia sasa iko sawa. Akataka kujua kilichobadilika, imetiwa nini. Mwalimu huyu, akishika swali haliachi. Nami sikutaka apeleke habari kwa wale mama mia mbili, maana kesho ingemfikia Asilia. Nikamwambia, "Mpake tu. Mama yako ndiye aliyeipika."

Hilo lilimtosha. Ilinifurahisha sana kwamba lilimtosha.

12 Aprili

Pipa la sita. Nusu lita.

16 Aprili

Binti yangu kapiga simu. Mtoto kaota vipele mashavuni na kwenye mikunjo ya shingo, vyekundu, anajikuna uso kwa ngumi. Nikamwambia ni joto, na zile sweta anazomvisha kama anampeleka mlimani. Nikamwambia abadilishe sabuni ya kufulia, jirani yake anayemsaidia kufua hasuuzi. Nikamwambia ampake krimu mara tatu kwa siku badala ya mbili, imlainishe.

19 Aprili

Pipa la saba. Nusu lita. Mama Vifuniko anaumwa vidole, vimebanduka ngozi. Nikamwambia avae glavu, glavu ziko stoo toka enzi za marehemu. Watu wa namna hii mpaka waambiwe.

20 Aprili

Wamekuja akina mama tisa kwa wiki moja. Hakuna ukungu. Wote ni vipele: mashavu, shingo, nyuma ya magoti. Asilia kawaambia ni sabuni kali wanazotumia. Aliponigeukia nilitikisa kichwa kukubali. Ni mara ya kwanza tangu nimjue kwamba mimi naye tumesema jambo moja, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua.

Nilirudi chumbani kwangu nikiwacheka. Wamama hawa wangeambiwa krimu ina mwezi ndani yake wangeona mbalamwezi kwenye shavu la mtoto.

24 Aprili

Siku mbaya. Niiandike ilivyo.

Binti yangu alimpeleka mtoto kliniki jana. Vipele vimeungana, ngozi ya mashavu inatoa maji, usiku halali. Nesi akamuuliza anampaka nini. Akasema krimu ya asili, haina kitu, mama yangu ndiye anayeipika. Nesi akafungua kikopo akakiangalia, akakigeuza. Akamwambia kitu chenye maji kikikaa wiki mbili katika masika haya bila kuota hata doa, basi kina kitu. Kina kitu na pengine kimezidi. Akamkataza asimpake tena mpaka ajue ni nini.

Alinipigia mchana nikiwa kazini. Nyuma yake mtoto alikuwa analia ile sauti ya kukauka, ya mtu aliyelia muda mrefu.

"Mama," akasema, "ndani ya krimu kuna nini?"

Asilia alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ananisubiri nimalize. Nikasema, "Maji, mafuta, nta."

"Basi?"

"Basi."

Akakata. Nilisoma safu nne za daftari la watu niliowadharau, nikamsomea mwanangu mwenyewe. Na hata hapo, Mungu aniwie radhi, nilipoweka simu chini nilichofikiri ni kwamba yule nesi ni msichana mdogo na kipimo changu ni sahihi. Ni sahihi. Nimekipima kwa jicho moja kila mara.

25 Aprili

Sikwenda kazini. Nilikwenda kwa binti yangu. Mume wangu hana tena mashavu ya mstaafu. Yamekuwa mekundu, yamevimba, yana magamba ya njano pembeni. Wamemfunga mikono kwa soksi asijikune. Alinitazama bila dharau yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza. Binti yangu alikaa upande wa pili wa kitanda akimkazia soksi. Nilichukua kikopo kilichokuwa dirishani nikaondoka nacho.

26 Aprili

Nimepika pipa la nane. Nusu lita. Kabla sijalifunika nikachota kijiko, nikakitia kwenye chupa.

Jioni nyumbani nikajipaka. Mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko, nimepaka krimu ya chupa, niliyoichota pipani kwa mkono wangu. Wa kulia nimepaka ya kile kikopo. Nimefunga vyote kwa kitambaa. Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya famasini kabla hatujampa mgonjwa kitu kipya. Miaka sita sijawahi kufanya hivi hapa. Nilijiamini mno hata nikaona ni kazi ya wanagenzi.

28 Aprili

Kushoto hakuna kitu. Kulia ni nyekundu kama pilipili iliyoiva, inawaka, ina malengelenge mawili.

Krimu ikitoka kwangu ni nzima. Ikifika kikopo imeharibika. Kuna mtu kati.

Asilia, nikasema. Anatia manukato yake asilia. Nililala nikiwa karibu na furaha, nikipanga maneno nitakayomwambia.

30 Aprili

Niliacha pipa jipya, la tisa, limefunikwa jana kama kawaida, na leo nikafika mapema kuliko siku zote, nikakaa chumbani kwangu bila kuwasha taa. Mvua ilikuwa kubwa. Saa moja na nusu Mama Vifuniko akafungua chumba chake, akavua kandambili, akafunga kilemba. Akaja, hakuniona gizani, akaliviringisha pipa langu kwa wayo wa mguu wake mpaka kwake. Akalifunua. Akatandaza kitambaa mezani, juu yake akapanga vikopo vitupu vitano, mstari mmoja. Kisha akapiga magoti, akatoa dumu chini ya meza, nyuma ya maboksi ya vifuniko.

Nililijua lile dumu. Ni mojawapo ya yale manne.

Alijaza kikopo cha kwanza hadi ukingoni, akainama akakitazama kwa jicho moja, akakimimina pipani. Cha pili vivyo hivyo. Nilikuwa nimeingia tayari. Alinisikia, hakugeuka. Alimimina cha tano, akakifuta, ndipo akanitazama.

"Unatia nini humo?"

"Kihifadhi, Dokta."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nilianza baada ya yule mama wa majipu. Yeye alilia hapa, mezani kwangu. Hakulia kwenu."

"Kiasi gani?"

"Vikopo vitano. Ndio mstari wako mwekundu. Nilishaupima zamani, siku moja nikiosha jagi. Niliona ipo siku utaumwa, na huyu binti hajui kitu."

Nilitafuta pa kukaa. Palikuwa na boksi. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi kwanza, mimi niliye futi nane kutoka kwake, mimi ambaye ndiyo kazi yangu. Alianza kuvikusanya vile vikopo, kimoja ndani ya kingine, na vidole vyake vilivyobanduka.

"Nikuulize wewe?" akasema. "Uliambiwa utoe, ukatoa. Ukaletewa daftari la safu nne, ukasaini. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kutii. Kasoma, lakini akiambiwa na mwenye mshahara anafyata. Nikuulize ili iwe nini? Ningekutia matatani bure."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma. Kwa wiki nne mwanamke huyu alikuwa akinidharau kwa upole kupitia kidirisha, kwa sababu zile zile nilizokuwa nikimdharau yeye.

"Mimi pia natia," nikasema.

Akaacha vikopo.

"Tangu lini?"

"Tarehe ishirini na nane Machi."

"Mimi ishirini na tisa," akasema. Pipa la tarehe ishirini na nane hufungashwa ishirini na tisa. Hakuna hata kikopo kimoja kilichopona. Alikumbuka jagi kabla yangu. "Ndiyo maana nilikuuliza jagi," akasema, "nipime vizuri. Ukasema limepasuka."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Halafu nikamwambia kuhusu mjukuu wangu, soksi mikononi, magamba, na kwamba nilimwagiza mama yake ampake mara tatu kwa siku. Akaketi sakafuni, miguu mbele, akashika kichwa. Mshindo mkuu, ndio huo. Haukuwa na sauti.

2 Mei

Tumemwambia Asilia. Alipiga kelele kidogo, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Pendekezo lake lilikuwa tuache vyote viwili, changu na cha Mama Vifuniko, tupike upya, na vikopo vilivyoko nje viishe vyenyewe. Kuita vikopo virudi ni kukiri kwamba BILA KEMIKALI ilikuwa uongo.

Nilifungua mdomo nimwambie anachostahili, nikakuta sina haki. Yeye aliandika uongo kwenye lebo. Mimi niliusema kwenye simu.

Aliyesema ni Mama Vifuniko. Alikwenda stoo akarudi na daftari la shule, jalada limelowa. Ndani yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka kuliko wangu, kaandika kila boksi lilitoka pipa la tarehe gani na likaenda duka gani. Miaka sita. Hakuna aliyemwagiza. Mimi, ambaye nilikuwa na hakika kwamba hajui kusoma, nilikuwa nikimsomea lebo kwa sauti.

"Mapipa matano yamekwishatoka," akasema. "La sita ni hilo hapo. Tunaanza na duka la karibu na hospitali."

Asilia akasema hajaruhusu. Mama Vifuniko akavaa kandambili zake.

3 Mei

Mvua. Maduka saba.

4 Mei

Maduka tisa. Mwenye duka mmoja katufukuza. Katuita wachawi wa watoto. Mama Vifuniko kasubiri mlangoni mpaka katoa vikopo.

6 Mei

Vimerudi vikopo elfu moja na mia moja na arobaini. Vingine vyote viko majumbani, kwenye vidole vibichi. Tumebandika karatasi madukani: msimpake mtoto, rudisheni, kipimo kilizidi. Asilia hakuzibandua. Kaja mwenyewe jioni na gundi, kabandika ya mlangoni kwake. Sikutegemea. Imenibidi nimwondolee nusu ya niliyoandika humu juu yake. Nusu nyingine abaki nayo.

7 Mei

Yule mama wa majipu karudisha vikopo vyake viwili. Mtoto kapona, ana makovu. Alituuliza sasa ampake nini. Mama Vifuniko akamwambia asimpake kitu, maji safi na kitambaa vinatosha. Ndugu zangu, huo ndio ushauri bora uliowahi kutoka katika kiwanda hiki.

9 Mei

Nilikwenda kwa binti yangu na daftari hili. Nilitaka kumwambia kwa mdomo, nikashindwa, nikamfungulia ukurasa wa tarehe kumi na moja Aprili nikampa. Nilikaa jikoni wakati anasoma. Alisoma mpaka mwisho. Nilisikia kurasa.

Alipokuja hakuwa amekasirika kama nilivyotaka. Mtu akikasirika unapata pa kusimama.

"Ungeniambia umetia, ningekuuliza kiasi gani," akasema. "Ungeniambia hujatia, ningekuuliza kinakaaje bila kuoza. Nilikuwa na maswali yangu, mama. Wewe ukanipa jina lako nimpake mtoto."

Akaniambia anahitaji nisije kwa muda.

15 Mei

Mvua inapungua.

20 Mei

Lebo mpya zimekuja. Zimeandikwa kila kilichomo, na kihifadhi kimo, na kipimo chake. Zimesomwa na yule nesi wa kliniki kabla hazijachapishwa. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Ni msichana mdogo kweli. Aliniuliza maswali kumi na moja. Mawili nilishindwa.

Akina mama hawanunui. Wanaiona ile safu ya kihifadhi wanarudisha kikopo rafuni, wanachukua cha jirani kisichosema kitu. Zamani ningewacheka ukurasa mzima.

24 Mei

Tumerudia daftari la safu tano, ila sasa zimekuwa sita. Ya sita ni ya sahihi ya Mama Vifuniko. Anasimama pembeni yangu nikimimina. Leo nilifika kwenye mstari, akasema, "Umezidisha." Nikamwambia macho yake yana ukungu. Akachukua jagi akaliweka juu ya meza iliyonyooka. Nilikuwa nimezidisha, unene wa ukucha.

30 Mei

Jua. Tumeanika magunia.

Binti yangu alinipigia asubuhi akasema naweza kuja. Nilinunua sabuni ya kipande, isiyo na harufu, nikaoga nayo mara mbili kabla ya kutoka. Mtoto alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango. Mashavu yamerudi, kwenye mikunjo ya shingo bado pana wekundu na ngozi kavu. Aliponiona akakunja uso kwa dharau ile ile ya zamani. Nikainama nimbebe.

Binti yangu akaniwahi. Hakunisukuma. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaileta puani akainusa, taratibu, kama mimi ninavyonusa pipa.

"Bado, mama," akasema.

Nikaenda bombani kunawa tena.